Tarehe 27 Agosti

Wasikilizaji wetu, tarehe hii yatukumbusha ngurumo mbili za Bahari ya Hindi. Mwaka 1883 mlima wa moto Krakatoa, karibu na Java, ulipasuka. Watu zaidi ya 36,000 wakafa, wengi kwa mawimbi. Mshindo ulisikiwa hata kisiwani Rodrigues, yapata kilometa 4,800, ukadhaniwa kuwa mizinga.

Mwaka 1896, huko Unguja, ilikuwa mizinga kweli. Seyyid Khalid bin Barghash alikuwa amejitawaza bila ridhaa ya Waingereza, nao walimpa muda hadi saa tatu asubuhi. Ulipokwisha, manowari zililipiga jumba lake. Vita havikudumu hata dakika 45, na wengi huvitaja kwa mzaha. Sisi hatuoni la kuchekesha: watu wapatao 500 wa upande wake waliuawa au kujeruhiwa kabla ya saa nne.