Miadi na Kuchukua Dawa

Neno "kliniki" limezoeleka kwa maana mbili: siku ya kuonana na daktari na siku ya kuchukua dawa. Katika maandishi ya hospitali, maana hizo hazina budi kutenganishwa.

Tuchukue mfano wa mkazi wa Mtae mwenye kifafa, ambaye hufuata dawa Lushoto kwa njia ndefu ya milimani. Kadi yake ikisema "Hudhuria kliniki" tu, karani aweza kumrudisha mikono mitupu kwa kuwa daktari hayupo. Dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu; na mwenye kisukari anayetegemea insulini aweza kufa katika siku chache.

Hatusemi kwamba uchunguzi hauna maana, kwani ndio unaomwezesha daktari kurekebisha kipimo cha dawa na kutambua madhara yake. Lakini hizo ni shughuli mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu dawa za VVU ulitoa pendekezo moja juu ya kumwona tabibu na jingine juu ya kuchukua dawa.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi hizi:

Miadi: makubaliano ya siku ya kuonana na tabibu.

Cheti cha dawa: maandishi ya tabibu yanayoagiza dawa.

Kuchukua dawa tena: kupokea dawa ileile kwa cheti kilichokwisha kutolewa. "Kujaza dawa" halifai. Kinachojazwa ni chupa.

Kadi na ionyeshe tarehe mbili, kila moja kwa jina lake.