Mbona Kapteni Anatetemeka?

Wanafunzi wenzangu, kila filamu ya vita inapoonyeshwa ukumbini, mimi husikia neno lile lile: "Akta hafi!" Na kweli, katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anaua jeshi zima peke yake, kisha huyoo, anaenda zake kana kwamba alikuwa akifyeka nyasi. Hiyo ni burudani tu. Lakini zipo filamu zinazojaribu kuonyesha vita vilivyo, na hapo wengi wetu hukosea, tukidhani ati uhalisia ni damu na milipuko. Uhalisia wa hisia ni jambo jingine.

Hebu tutazame Saving Private Ryan, iliyoongozwa na Steven Spielberg mwaka 1998. Wanajeshi wa Marekani wanashuka ufuoni Omaha, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Risasi ni kama mvua, lakini kilichonishika mimi ni kitu kidogo sana: mkono wa Kapteni Miller. Unatetemeka! Yeye ndiye kiongozi, na hataki vijana wake wauone. Baadaye, daktari wa kikosi anapokufa, Miller anajitenga na kulia peke yake, kisha anajipangusa na kurudi kazini. Kumbe ushujaa na woga hukaa ndani ya mtu mmoja.

Waigizaji hawakuzipata hisia hizo hivi hivi. Kabla ya kurekodi walipelekwa kambini, wakataabishwa na Dale Dye, askari mstaafu aliyepigana Vietnam. Matt Damon, aliyeigiza Ryan, hakupelekwa, tena kwa makusudi, ili wenzake wamwonee kinyongo. Si ndiyo hadithi yenyewe? Wanahatarisha roho zao kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Halafu kuna Upham, mkalimani. Mwenzake anauawa kwa kisu chumbani juu, naye yuko pale ngazini na bunduki yake, miguu imekataa. Ukumbi mzima ulimzomea: "Mwoga! Panda!" Nami nilizomea. Yule Mjerumani akateremka, akampita tu bila hata kumpiga risasi, kwa maana alimwona si kitu. Hapo tulinyamaza wote.

Usiku ule kitandani nilijiuliza ningefanya nini mimi, ambaye nikisikia tu viatu vya mwalimu wa zamu hujifunika gubigubi.