Nyota inayopumua: data ya kuichora utaipata wapi?

Mwaka jana nilitengeneza video fupi ya nyota inayovimba na kusinyaa, nikawaonyesha wanafunzi wa sekondari hapa Morogoro. Ikivimba inawaka, ikisinyaa inafifia, na rangi inatoka nyekundu kwenda buluu. Wakapiga makofi. Kisha mmoja akauliza, "Umejuaje kwamba iko hivyo?" Sikujua. Nilikuwa nimebuni tu.

Basi tuanze upya, safari hii kwa vipimo.

Nyota kwanza. Ningependa kukupa ℓ Carinae, ambayo hupita kusini, juu ya Uluguru, na mzunguko wake ni siku 35 na nusu. Lakini jioni zake nzuri ni za Aprili na Mei, yaani masika, na unajua mawingu yanavyokaa pale Lupanga. Chukua Eta Aquilae. Agosti hadi Oktoba, usiku ukiwa bado mchanga, iko karibu na utosi, jirani ya Altair. Edward Pigott aligundua mwaka 1784 kwamba mwangaza wake hubadilika. Mzunguko ni siku 7.177, na ikiwa kileleni hung'aa zaidi ya mara mbili ya inapofifia kabisa.

Data ya mwangaza iko AAVSO, chama cha Marekani kilichoanzishwa 1911. Kinahifadhi vipimo vya watazamaji wa dunia nzima, wengi wao wa kujitolea, na kupakua ni bure. Chagua vilivyopimwa kwa kichujio cha V. Makadirio ya macho huyumba sana. Utapata fujo ya nukta. Usiogope. Kwa kila kipimo hesabu siku tangu kilele fulani, gawanya kwa 7.177, tupa namba nzima, baki na desimali. Siku 20 zinatoa 2.787, kwa hiyo kipimo hicho kinakaa kwenye 0.787 ya mzunguko. Ukizipanga zote hivyo, fujo inageuka mstari: unapanda haraka, unashuka polepole, na kwenye mteremko kuna kinundu. Mimi nilikuwa nimechora wimbi laini, kinundu hakipo.

Rangi ni rahisi. Tofauti ya vipimo vya kichujio cha B na cha V hukupa joto la uso, ambalo hapa hucheza kati ya kama Kelvini 5,300 na 6,400. Hiyo ni njano na nyeupe-njano. Nyekundu niliitoa wapi, sijui.

Ukubwa ndio wenye kazi. Mistari ya spektra husogea uso wa nyota unapotujia au kutukimbia, na kasi hizo zimo kwenye majedwali ya makala za kisayansi yaliyokusanywa na VizieR ya Strasbourg, Ufaransa. Toa kasi ya nyota nzima, zidisha kwa takriban 1.3 (kingo za nyota hazitujii moja kwa moja, kwa hiyo kipimo hupungua), halafu zidisha kwa muda na ujumlishe hatua kwa hatua. Unapata umbali ambao uso umesafiri. Nyota hii, pana zaidi ya mara 50 ya Jua, hubadilika kama sehemu moja ya kumi tu. Yangu ilivimba mara mbili.

Sasa weka mchoro wa mwangaza na wa ukubwa pamoja, uone kosa langu kubwa kuliko yote. Nyota haing'ai zaidi ikiwa kubwa zaidi! Kilele cha mwangaza huja uso ukiwa bado unatanuka kwa kasi na joto liko juu. Ikifikia upana wake wote, imeshapoa na inafifia. Chanzo ni heliamu: ikibanwa hupoteza elektroni na kuziba njia ya mwanga, kama mfuniko kwenye sufuria ya maharage. Joto hujaa, husukuma tabaka za juu, mfuniko hulegea, mwanga hutoka, tabaka huanguka tena.

Ukimaliza video, toka nje usiku. Eta ikilingana na Delta Aquilae iko karibu na kilele. Ikilingana na Iota Aquilae imefika chini. Andika tarehe na saa kwa wiki mbili, kisha weka nukta zako juu ya mstari uliopakua.