Je, Wajua? Beseni la Maji Nalo Hufundisha Kusoma

• Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuandika herufi kabla hajamudu penseli? Mpe brashi ya kupakia rangi na kikombe cha maji, mpeleke uani kwenye sakafu ya saruji. Ataandika “a” kubwa kwa mkono mzima, kuanzia begani. Saruji ikilowa hukolea rangi, herufi ikaonekana waziwazi.

• Raba yake ni jua. Penye jua na upepo herufi hukauka upesi, kivulini hukawia. Mwandikie “ba” juani, aisome kabla haijatoweka!

• Huko China, wazee huandika kwa maji kwenye sakafu za bustani za umma, kwa brashi za sponji zenye mpini mrefu. Sanaa hiyo huitwa dishu.

• Je, wajua kwamba kifuniko cha chupa ya maji huelea, lakini chupa yenyewe ikikatwa vipande huzama? Plastiki ya kifuniko ni nyepesi kuliko maji, ya chupa ni nzito. Viwanda vya kurejeleza plastiki huzitenganisha kwa njia hiyo. Wewe andika silabi kwenye vifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika, pande zote mbili, maana havichagui upande wa kulalia. Vimwage kwenye beseni la maji. “Nivulie ma! Sasa nivulie ji!” Akivipanga ukingoni, keshasoma “maji”.

• “Mtu” ni silabi mbili: m-tu. “Nchi” pia: n-chi. Mtoto amimine kikombe kimoja ndooni kwa kila silabi anayoisikia. “Kiboko” ni vikombe vitatu. Hajaona herufi hata moja, lakini sikio lake limeanza kuligawa neno, na kusoma huanzia hapo.

• Daktari Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazipapase kwa vidole. Huna msasa? Andika herufi ubaoni kwa chaki, mtoto aifuate kwa kidole kilicholowa mpaka chaki yote itoke.

• Mwaka 1887, huko Alabama, Marekani, Helen Keller alikuwa na miaka 6, haoni wala hasikii. Mwalimu wake, Anne Sullivan, alimwekea mkono mmoja kwenye maji ya pampu, huku akimwandikia kiganjani mwa mkono wa pili herufi za neno “maji” kwa Kiingereza. Hapo ndipo Helen alipotambua kwamba kila kitu kina jina.

• Kukamua sponji huimarisha vidole vitakavyoshika penseli kesho.

• Na hili usilisahau: mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache tu. Usimwache peke yake hata kidogo, na mchezo ukiisha, maji yote yaende kwenye mchicha.