Spika za Sebule ya Mabati

Sebule yangu hapa Nyamira ni mita 4 kwa 3: sakafu ya saruji, paa la mabati, dari hakuna. Mvua ya alasiri ikianza, hakuna spika ya kushindana nayo. Nazima, nanywa chai.

Mara ya kwanza nilirudi kutoka Kisii mjini na wufa kubwa, nikaisukuma kwenye kona. Lo! Obokano, ala yetu ya nyuzi 8 yenye sauti nzito, ikawa ngurumo tupu. Kona huikuza besi, na urefu wa mita 4 huzivimbisha sauti za karibu hezi 43. Chumba nacho ni ala, tena yenye kiburi.

Sasa nina spika mbili ndogo juu ya stendi za mbao, usawa wa masikio, nusu mita kutoka ukutani. Zulia, mapazia mazito na vitambaa vya makochi humeza mwangwi.

Siku ya kuzinunua, muuzaji dukani alinifungulia rumba kwa kishindo. Nikamwomba apunguze, acheze obokano iliyokuwa kwenye flashi yangu. Niliposikia kidole kikiuacha uzi, nikatoa pesa.