Mtu mzima ndani ya kitabu

Mama mmoja wa Dilolo alituomba hadithi yenye mtu anayefanana na mtoto wake. Tulidhani haiko. Kumbe ziko mingi, na moja iliandikwa na mtu wa Likasi, miaka karibu 50 iliyopita.

"Minajua kusoma, yaya. Usinipeleke kwa pasta, usinipeleke kwa munganga. Unitafutie paka kitabu."

Njo vile alivyoniambia mama mmoja pale Dilolo, karibu na gare, mahali reli ya kwenda Lobito inavuka kuingia Angola. Anauzisha unga wa muhogo. Bwana yake ni creuseur, anachimba upande wa Kolwezi, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi kama shimo lilitoa kitu. Mtoto wao wa kwanza anasoma Lubumbashi. Siku moja ya likizo, kijana huyo alimwambia mama yake jambo kwa sauti ya chini: yeye hapendi wasichana, anapenda wavulana, na ni vile tangu zamani.

Mama hakulia, hakumfukuza. Alinyamaza siku tatu. Halafu maswali yakaanza: mtu wa namna hii anaishi namna gani? Anazeeka namna gani? Na mama yake, anafanya nini? Alichokuwa anajua ni mambo mawili tu. La kwanza, michezo ya televisheni, mahali mwanaume anayetembea kama mwanamke anaingia ili watu wacheke. La pili, filamu za Nigeria, mahali mtu wa namna ile anamalizia kwenye maombi ya kufukuza pepo, ao anakufa.

"Mu ile yote," alisema, "sikuona mutoto wangu. Mutoto wangu anapika bukari, anapata bipointi bizuri ku masomo, anagombana na badogo yake juu ya téléphone. Ule njo ninatafuta."

Ombi hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa Kifaransa wanaandika LGBTQ: wanawake wanaopenda wanawake, wanaume wanaopenda wanaume, wale wanaopenda wote, na wale ambao mwili wao hauendi pamoja na namna wanavyojijua. Radio inaweza kualika watu wabishane juu yao, na kila mtu atarudi nyumbani na mawazo aliyokuja nayo. Mabishano hayaonyeshi mtu anavyoamka asubuhi, anavyotafuta sabuni, anavyoogopa simu ya baba yake. Hadithi nzuri inaonyesha. Kwa hiyo nilianza kutafuta.

Wa kwanza ni mtu wa kwetu

Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, wakati mji ule uliitwa Jadotville. Alifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi, kisha akaenda kuishi Marekani, na alifariki mwaka 2025. Wasomi wanamjua sana juu ya vitabu vyake vya falsafa. Lakini mwaka 1976 alitoa riwaya fupi, Le Bel Immonde, kwenye nyumba ya vitabu Présence Africaine ya Paris, iliyoanzishwa na Msenegali Alioune Diop.

Hadithi inapita Kinshasa, wakati wa maasi ya miaka ya 1960. Ya ni mwanamke kijana anayetafuta pesa usiku ndani ya bar. Waziri mmoja anampenda. Waasi, ambao ni watu wa kabila lake, wanataka amchunguze waziri yule na kuwaletea habari. Na mtu ambaye Ya anaishi naye kwa mapendo, nyumbani, ni mwanamke mwenzake.

Mudimbe hamcheki, wala hamhukumu. Ya ana ukoo unaomdai, ana woga, ana akili kuliko wanaume wanaomzunguka. Mapendo yake kwa mwanamke ni sehemu moja ya maisha yake, pamoja na zile zingine zote. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba maneno haya ni ya wazungu, yalifika jana pamoja na intaneti, umkumbushe mwaka: 1976. Na mji: Likasi.

Nyumba zilizopangwa mstari

Waliokomaa ndani ya cité za Gécamines wanajua namna maisha yanavyopita pale: nyumba kwa mstari, ukuta mwembamba, jirani anajua ulikula nini jana. Siri hailali siku mbili.

Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, wa Uganda, inatokea mahali kama pale: nyumba za Nakawa, ndani ya Kampala. Inaitwa Jambula Tree, maana yake mti wa zambarau. Anyango anamwandikia barua Sanyu, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye familia ilimtuma London. Wasichana hao walipendana. Jirani mmoja, Mama Atim, aliwakamata usiku chini ya mti ule, na midomo ya mtaa ikafanya kazi yake. Hadithi hiyo ni ya kurasa chache, kwa Kiingereza. Mwaka 2007 ilipata zawadi ya Caine, ambayo ni kubwa kwa hadithi fupi za Afrika.

Kutoka humo, Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza filamu, Rafiki, mwaka 2018. Kena na Ziki ni wasichana wa Nairobi, na baba zao wanashindana kwenye uchaguzi mmoja. Filamu inazungumza Kiingereza na Kiswahili cha mitaa ya kule, na iko na maandishi ya Kifaransa kwa wenye kutazama. Ilikuwa filamu ya kwanza ndefu ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la Cannes. Nyumbani, halmashauri ya filamu iliikataza. Walitaka mwisho ubadilishwe, juu ulikuwa na tumaini kupita kiasi. Mtengenezaji alikataa. Mwezi wa 9 wa mwaka ule, korti kuu ya Nairobi ilisimamisha katazo kwa siku saba, na watu walijaza sinema.

Tuangalie hapo vizuri. Kama wasichana wale wangekufa mwishoni, filamu ingepita bila matata makubwa. Kilichosumbua wakubwa ni kwamba wanabaki wazima.

Vitabu vinne vya Kifaransa

Kwa msomaji wa huku, anayesoma Kifaransa cha shule, mlango mkubwa ni vitabu vya Kifaransa. Hivi vinne niliviona vya maana.

Les Aquatiques, cha Osvalde Lewat wa Kameruni, kilitoka mwaka 2021. Katmé ni bibi ya préfet ndani ya inchi ya kutungwa. Rafiki yake wa moyo ni Samy, msanii anayependa wanaume. Samy anafungwa, na Katmé lazima achague: cheo cha bwana yake, ao rafiki yake. Kitabu hicho kilipata zawadi kubwa ya fasihi ya Afrika nzima, iliyoanzishwa wakati Congo yetu ilikuwa inaongoza Umoja wa Afrika.

De purs hommes, cha Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, ni cha mwaka 2018. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Ndéné Gueye, anaonyeshwa video kwenye simu: watu wanafukua maiti ya kijana makaburini, juu walisema alikuwa mtu wa namna ile. Mwanzoni mwalimu hajali. Halafu usingizi unakataa, anaenda kutafuta familia ya marehemu, anamkuta mama yake. Polepole watu wanaanza kumshuku yeye mwenyewe. Sarr alipata zawadi ya Goncourt mwaka 2021 juu ya kitabu kingine, na siku zile wengi kwao walimtukana juu ya hiki.

39 rue de Berne, cha Max Lobe, Mkameruni anayeishi Uswisi, kilitoka mwaka 2013. Dipita anatusimulia akiwa gerezani, Genève: mama yake aliyefikishwa Ulaya akiwa msichana mdogo, mjomba mwenye maneno mingi, na kijana mzungu aliyempenda. Kifaransa chake kinacheka na kulia pamoja, sawa sawa na chetu.

Cha nne kimetafsiriwa kutoka Kiingereza: Sous les branches de l'udala, cha Chinelo Okparanta wa Nigeria. Ni vita vya Biafra. Ijeoma, Muigbo, anampenda Amina, Muhausa. Ni makosa mawili kwa mara moja: msichana mwenzake, tena mtu wa kabila la adui. Kwa sisi wa Kolwezi, tunaokumbuka namna watu wa Kasai walifukuzwa mwaka 1992 na 1993, sehemu hiyo haiombi maelezo. Mama ya Ijeoma anamketisha na Biblia, siku kwa siku, ili ambadilishe. Inachukua miaka, lakini ni mama huyo anayebadilika.

Namna ya kupima

Si kila kitabu chenye mtu wa namna hii ni kizuri. Vingine ni mahubiri. Vingine ni uchafu wa kuuzisha. Mchimbaji hanunui jiwe kwa rangi peke yake, anapima. Na hapa kuna vipimo vitatu.

Kwanza: ondoa mapendo, uone kama mtu anabaki. Ana kazi? Ana deni? Ana ndugu wa kumchokoza? Kama hakubaki kitu, yule si mtu, ni kibao.

Pili: uangalie kicheko. Tunacheka pamoja naye, ao tunamcheka?

Tatu: uangalie kifo. Watu wanakufa katika hadithi, sawa na katika mashimo yetu. Lakini kuna kifo kinachotoka ndani ya maisha, na kuna kifo ambacho mwandishi anatoa kama azabu, ili msomaji alale vizuri.

Lazima niseme ukweli mmoja. Katika vinne hivi, viwili vina gereza na kimoja kina kaburi lililofukuliwa. Ni vitabu vizuri, lakini mzazi mwenye woga akianza navyo, woga utaongezeka. Heri aanze na cha Okparanta ao na Rafiki, halafu aende kwa vingine.

Kuvipata

Sokoni kwetu, vitabu ni vya shule, Biblia na nyimbo. Mwenye kwenda Lubumbashi aulize maktaba ya Institut français, pale Halle de l'Étoile. Kama kitabu hakiko, aache jina lake. Wengine wanamuomba ndugu aliye Ubelgiji ao Johannesburg awanunulie kitabu cha kusoma kwenye simu. Betri ya simu ile pengine iko na cobalt ya Kolwezi. Si vibaya irudi na kitu cha kusoma.

Lakini tuwe waangalifu. Simu ya nyumbani inashikwa na watu sita. Kitabu kikiachwa juu ya meza kinaweza kufungua mazungumzo, kinaweza pia kumtoa mtoto nje mbele ya jirani wakati yeye hajakuwa tayari. Habari ile ni yake. Ni yeye anayesema lini na kwa nani.

Na sheria? Kusoma riwaya si kosa. Sheria ya Congo haina kifungu kinachoazibu moja kwa moja watu wazima wawili wa jinsia moja wanaopendana, lakini kifungu cha 40 cha Katiba kinasema ndoa ni kati ya mwanaume na mwanamke, na kifungu juu ya aibu mbele ya watu kinaweza kutumiwa kuwasumbua. Ukivuka daraja kuingia Angola, kitabu kipya cha azabu, kilichoanza kazi mwezi wa 2 mwaka 2021, kiliondoa katazo la wakati wa ukoloni. Ukienda upande wa Zambia, katazo liko bado. Mtoto ni yule yule; mpaka njo unabadilika.

Nilimpelekea mama yule kitabu cha Okparanta. Alikuwa anasoma kurasa mbili tatu usiku, akimaliza kuhesabu pesa ya unga. Kilimchukua wiki saba. Siku niliyorudi Dilolo, alikuwa amekifunga ndani ya gazeti, mafuta yasikiguse.

Nilimuuliza: "Mama, uliona nini?"

"Ule mama wa mu kitabu alichelewa sana," alisema. "Miaka yote ile alikuwa anamusomea mutoto Biblia, na mutoto iko analia. Miye siwezi kuchelewa vile."

Alikuwa amemwita mwana wake kwa simu siku ya Jumamosi. Hawakuongea mambo makubwa. Alimuuliza kama anakula, na kama yule rafiki yake pia anakula. Kijana alikaa kimya kidogo, halafu akajibu: ndiyo, mama, anakula.

Alinirudishia kitabu kwa mikono miwili. Nilipokuwa nasimama, akaniita tena.

"Yaya, bwana yangu anarudi mwisho wa mwezi. Yeye hapendi kusoma. Ile filme ya Nairobi uliyosema, inaingia mu téléphone?"