Jani la muhogo linafika maabara: halafu?

Wengi mulituuliza: majani ya mihogo yenye mozaiki, kule maabara wanayafanyia nini?

Wanasoma ADN ya virusi kama herufi nne: A, C, G, T. Virusi vya mozaiki vina vipande 2, kila kimoja herufi karibu 2,800. Nani atazilinganisha kwa macho? Njo kazi ya ordinatere. Lakini mtafiti haandiki programu yote toka mwanzo, sawa vile mkulima hafui jembe kila msimu. Anachukua vifaa vilivyokwisha andikwa, kama Biopython, iliyoanza 1999. Ni bure. Kosa likionekana linarekebishwa, na wote wanachukua ile mpya.

Kulinganisha herufi njo kulionyesha, mwaka 1997, kwamba virusi vilivyomaliza mihogo ya Uganda vilikuwa mchanganyiko: aina mbili zilipeana vipande. Kisha vikaingia na kwetu Kongo.

Kwa hiyo, muhogo wenye majani yaliyokunjamana na madoa ya manjano, tusikate miti ya kupanda hapo. Na jani mukileta, muandike kijiji na tarehe. Bila hivyo ordinatere haitatuambia ugonjwa umepita njia gani.